Kufunga mtungi wa gesi na boksi la spana kwenye trela la kempu, kwa barabara zetu hizi za Malindi

Siku hizi huku Malindi watu wamechangamkia trela za kempu, na wengi hawanunui za ng'ambo, ni zile fundi anakuchomelea kwa anglelaini, ile chuma ya pembe, na eksili ya gari kuukuu, tenti juu, jiko nyuma, Ijumaa jioni mtu ashatoka zake kwenda Marafa au Ngomeni, au anapita Kakuyuni na Lango Baya aingie geti la Sala alale ndani ya Tsavo Mashariki. Trela lenyewe hutoka vizuri tu. Ila mwisho wa kazi hubaki vitu viwili havina makao, mtungi wa gesi na boksi la spana, na kwa vile nafasi wazi iko pale mbele kwenye drobaa, ile pembe tatu ya chuma inayoenda kushika towba ya gari, yaani ile chuma ya nyuma ya kuvutia trela, vyote vinarundikwa pale, kamba mbili tatu, haya safari.

Mahali wamepatia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inatulia sakafuni kama maji, kwa hiyo ukiiweka ndani ya trela au ndani ya boksi lililozibwa inakaa pale inangoja cheche, na ukiiweka nje kwenye drobaa inaanguka chini upepo unaichukua. Kwa gesi hakuna mahali bora kuliko hapo. Nyuma kwenye bampa sipapendi kabisa, manake siku matatu ikikosa breki nyuma yako kitu cha kwanza kugongwa ni mtungi, alafu ule mkia wa trela ndio unaotikisika na kula vumbi zaidi. Kama jiko lako liko nyuma, safiri na mtungi mbele, ukifika kempu ufungue uuhamishe. Ni dakika mbili hiyo.

Kinachowashinda wengi ni vile vitu vimeshikwa. Fundi atakwambia "bosi hii haitoki hata kiama" na atapanda juu aruke kukuonyesha, na kwa uzito kweli haitoki. Sasa mwambie: fundi, mimi si uzito nauliza, nauliza mtikisiko. Rafu rodi yenye vile vituta vidogo vidogo vilivyopangana, masaa mawili matatu, inalegeza nati iliyokazwa na mtu mwenye mkono wa chuma, inapasua weldi pembeni kidogo kidogo, na chumvi ya bahari inaingia kwenye ule ufa inamalizia. Kila kitu nitakachosema hapa chini kinatokana na hayo mawili, mtikisiko na chumvi.

Kwanza piga hesabu ya uzito

Kabla hujanunua hata bolti moja. Mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa unafika kilo 13 hivi ukihesabu na chuma chake, ule wa kilo 13 unakaribia 27 au 28. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye kola, ile pete ya juu inayozunguka valvu, au ubavuni, soma wa kwako. Mimi kwa wikendi nashauri wa kilo 6, jiko moja la kawaida linakupa zaidi ya masaa 30 ya moto, sasa wewe na familia mnaenda kupika nini masaa yote hayo, ng'ombe? Wanaobeba mtungi wa 13 kwenda kulala siku mbili wanajibebesha mzigo bure.

Uzito unaokalia towba kwa kawaida unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya uzito wa trela lote likiwa na mizigo. Trela la kilo 700 basi ni kilo 70 mbele. Haya hesabu: mitungi miwili ya kilo 6 ni 26, boksi la chuma tupu 15, jeki na spana na cheni na nyundo na pampu 40, ushapita 80 na drobaa yenyewe hatujaihesabu. Gari linakaa chini nyuma, linainua pua, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika minazi. Hapo usikimbilie kutupa mizigo nyuma kabisa ya trela ili usawazishe, ukifanya hivo mbele kukawa kwepesi mno trela linaanza kupiga mkia barabarani, na hilo ni baya kuliko la kwanza. Vitu vizito sogeza juu ya eksili, katikati, mbele bakiza vile unavyovihitaji haraka.

Kupima ni rahisi, chukua ile mizani ya bafuni, weka kipande cha mbao cha kufikia urefu wa towba, shusha kichwa cha trela juu yake, soma. Trela liwe limenyooka sawa na ardhi na magurudumu umeyazuia kwa mawe.

Alafu nafasi. Funga trela kwa gari, rudi nyuma ukikata kona mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, na mtu asimame pembeni aangalie kona ya boksi na kona ya gari. Fungua na mlango wa nyuma wa gari, hasa kama una Land Cruiser au kitu chenye tairi ya spea mlangoni, utashangaa boksi lilikuwa limekaa sawa kumbe mlango haufunguki. Kigurudumu cha kupandishia trela nacho kipate nafasi ya kuzungusha mkono. Weka chaki kwenye chuma, ndio uanze kazi.

Kuchomelea au bolti?

Bolti. Najua fundi wengi hawapendi, kwao weldi ndio kazi, lakini drobaa ndicho kiungo kimoja ambacho kikikatika trela linaenda peke yake. Ukipiga weldi ya kukata upana juu au chini ya chuma cha drobaa unakidhoofisha hapo hapo, manake sehemu ya juu na ya chini ndizo zinazobeba nguvu zote kinapojipinda, na moto wa weldi unabadilisha chuma. Vivyo hivyo usitoboe juu wala chini. Kama ni lazima utoboe, toboa ubavuni katikati ya kimo chake, pale nguvu ni kidogo. Na kama ni lazima uchomelee, chomelea ubavuni kwa kufuata urefu wa chuma.

Ila njia ninayoipenda haitoboi wala haichomi. Kata vibamba viwili vya flatibaa (chuma bapa) nene, milimita 6 au 8, kimoja juu ya drobaa kimoja chini, viwe virefu kidogo kuliko upana wa chuma ili bolti zipite nje pembeni, kaza mpaka vibamba viishike drobaa katikati. Fanya hivo sehemu nne. Juu ya hivyo vibamba ndio unaweka fremu yako ya anglelaini inayobeba boksi na mtungi. Siku ukitaka kubadilisha unafungua, trela lako halina tundu hata moja. Katikati ya kibamba na drobaa weka kipande cha tyubu ya lori, inazuia rangi kusuguliwa na inazuia kutelesha.

Bolti ziwe za milimita 10 au 12 na kichwani ziwe zimeandikwa 8.8. Hadweya ukiomba bolti tu utapewa zile laini hazina namba, nzuri kwa kitanda, usizichukue. Nati chukua zile zenye duara la plastiki ndani, zinauma uzi na hazirudi nyuma kwa mtikisiko, au kama hazipo weka nati mbili moja juu ya nyingine. Weka na washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu, pande zote mbili. Ukishakaza, chukua rangi ya kucha ya mtu nyumbani, piga mstari mmoja unaoanza kwenye nati unaishia kwenye kibamba. Siku nati ikizunguka hata robo, mstari unakatika, unaona kwa macho bila kushika spana. Ukisimama pale njiani kununua madafu unapiga jicho tu, mistari yote iko sawa, endelea.

Kuhusu kutu, pakti ya bolti za zinki inagharimu kidogo zaidi na wakati wa kusi zile za kawaida zitakuwa zimegeuka kahawia kabla hata hujaenda safari ya pili. Stenlesi nzuri zaidi kama mfuko unaruhusu. Palipokatwa grenda au kuchomwa, safisha mpaka chuma king'ae, piga redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikauke, ndio rangi juu. Boksi la alumini likigusana na chuma cha kawaida kwa hii hewa yetu ya chumvi, alumini inaliwa, utaona unga mweupe kwenye bolti, kwa hiyo hapo pia weka mpira katikati.

Na jambo hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu: siku ya kuchomelea chochote kwenye trela, mtungi uwe mbali, uende upande mwingine wa yadi kabisa, hata kama ni mtupu. Mtungi "mtupu" una gesi bado. Na usimruhusu mtu yeyote achomelee kishikio, mguu au chochote kwenye mtungi wenyewe, hata awe fundi wa meli.

Makao ya mtungi

Mtungi usimame wima, kusafiri na kutumia. Ukilala, kimiminika kinafika kwenye valvu, na kimiminika kikiingia kwenye regyuleta kinatoka upande wa pili kikiwa gesi nyingi mara mia mbili na zaidi, moto wa jiko unapaa mpaka kwenye tenti. Kwa hiyo wale wanaouchomeka chini ya kitanda umelala, Mungu wao anawaangalia.

Chini tengeneza kikombe: kata bamba la mviringo, zungushia ukingo wa flatibaa wa sentimita 5 hivi, ile pete ya chini ya mtungi iingie ndani bila kucheza. Toboa matundu kwenye sakafu ya kikombe maji yatoke, maana pete ya chini ndiyo huanza kuoza, maji ya mvua na chumvi yakikaa pale mwaka mmoja unaweza kuikwangua kwa kucha. Tandika mpira wenye matundu hayo hayo.

Juu weka mikanda miwili ya chuma, mmoja kwenye theluthi ya chini ya mwili wa mtungi, mwingine theluthi ya juu pale kabla mabega hayajaanza kujikunja. Mkanda uwe flatibaa nyembamba iliyokunjwa duara, ndani imegundishwa mpira, na nyuma uwe umefungwa kwa bolti kwenye nguzo iliyosimama imara kutoka kwenye fremu. Mbele uwe na kifungo cha kubana kwa mkono au nati ya masikio. Sababu ya kutaka mkono: ikitokea moto kwa jirani pale kempu hutaki kuanza kutafuta spana namba 17 gizani, unataka kufungua na kubeba. Kama unaogopa wezi, na una haki, pitisha cheni kwenye kola na kufuli ya shaba, ya shaba kwa sababu ile ya chuma chumvi itaigandisha, na kila mtu kwenye safari ajue ufunguo uko wapi.

Usiguse valvu kwa kamba wala mkanda. Kola ile ya juu ni ya kulinda valvu na ya kubebea, haikutengenezwa kushikilia mtungi kwenye rafu. Kamba ya katani hapana, elastiki hapana, mkanda wa racheti unaweza kuuongeza juu ya vile vya chuma lakini usiutegemee peke yake, jua letu linaula nyuzi ukiwa unauona mzima.

Kama una mtungi wa kilo 6 wenye meko ya kukaa juu yake, ile meko na chano chake vifunguliwe kabla gari halijawaka. Vikibaki vinakuwa kama mkono mrefu unaoivuta valvu kila ukiruka shimo.

Mbele ya mtungi weka ngao, kipande cha chekaplate, lile bati nene lenye vinundu, au hata mkeka mzito wa mpira, maana tairi za nyuma za gari lako zinarusha kokoto moja kwa moja pale. Lakini ngao ya mbele tu. Wanaotaka uzuri hutengeneza kaboksi kazima ka gesi kenye mlango, sawa, ila sakafu yake iwe na tundu lisilopungua sentimita 10 kwa 10, wavu chini kuzuia panya na mawe, na lisiangalie egzosti ya gari wala lisipitishe hewa kuingia upande wa jiko au tenti. Tundu la juu peke yake halisaidii, gesi haipandi. Rangi ya kaboksi iwe nyeupe.

Na angalia unanunua wapi. Mtungi uliojazwa kihalali huachiwa nafasi juu, kimiminika kinafika asilimia 80 hivi, gesi ipate pa kutanukia joto likipanda. Ule wa kujazwa vichochoroni unaweza kuwa umeshindiliwa mpaka shingoni, ukauweka juani siku nzima kule Sala valvu ya usalama ikaanza kupumua yenyewe. Pima kwenye mizani, toa uzito wa mtupu ulioandikwa, kama ni mtungi wa kilo 6 na unapata 7, rudisha, usichukue. Muuzaji anayefahamika na sili yake mdomoni, basi.

Boksi la spana

Hili halina mambo mengi. Lifungwe kwenye fremu kwa bolti nne au sita kupitia sakafu yake, na kwa ndani uweke bamba au washa kubwa, la sivyo kile kibati chembamba kitachanika kuzunguka bolti. Mlango ufunguke kwa juu au ubavuni, na bawaba zikae upande wa mbele, ili kufuli likikata njiani upepo uufunge mlango badala ya kuufungua. Mpira wa mlango wa gari kuukuu unafaa kuzuia vumbi, lile vumbi jekundu la njia ya Marafa linaingia hata mahali maji hayaingii.

Ndani tandika zulia kuukuu na upange vitu vibanane. Jeki inayozurura ndani ya boksi ni nyundo inayopiga kila sekunde, baada ya muda inatoboa ukuta, na kama ukuta huo uko jirani na mtungi basi unajua. Jeki ifungwe na bolti yake chini.

Boksi na mtungi viwe na nafasi kati yao au ukuta mzima usio na tundu. Na kwenye boksi lile lisilo na hewa usiweke betri ya sola, wala dumu la petroli, wala mtungi wa akiba, hata ule mdogo wa tochi ya gesi. Betri inatoa cheche ukigusa nyaya na ikichajiwa inatoa hewa yake inayowaka, kwa hiyo ipeleke upande mwingine kabisa wa trela.

Hosi, regyuleta na sabuni

Regyuleta ya mtungi wa kilo 6 wa hapa kwetu si ile ya 13, kwa hiyo usiondoke nyumbani na ya jikoni ukidhani itaingia. Safarini mtungi umefungwa valvu, regyuleta imetolewa, kifuniko cha mdomo kimerudishwa. Hosi iwe ile ya gesi yenye maandishi yake, na klipu za kukaza kila mwisho, sio mpira wa kumwagilia maua na waya. Ikunje kwa vidole, ukiona vipasuko vidogo vidogo vimefunguka kwenye mkunjo, kata vipande uitupe ili na mwingine asiiokote. Palipo na tundu kwenye bati ambapo hosi inapita, weka pete ya mpira, ukingo wa bati mtikisiko ukiusaidia unakata hosi kama msumeno.

Kila ukiunganisha pale kempu, Omo kidogo kwenye kikombe na sponji, paka kwenye valvu, regyuleta, na miisho ya hosi, fungua gesi ukiwa hujawasha jiko. Mapovu yakikua, funga, kaza, rudia. Pua peke yake haitoshi, upepo wa pwani unapeleka harufu kwa jirani. Na kiberiti cha kutafutia uvujaji, wapo wanaofanya, sijui niseme nini.

Njiani

Safari ya kwanza baada ya kufunga, simama kilomita 15 au 20 tu, kabla hata lami haijaisha, shika kila kitu kwa mkono utikise, kaza. Mpira ulioweka katikati ya vibamba huwa unajikandamiza mwanzoni na bolti zinalegea kidogo, ni kawaida. Baada ya hapo kila rafu rodi ikiisha, piga jicho kwenye mistari ya rangi. Kwenye vile vituta punguza mwendo na punguza upepo wa tairi kidogo, utaokoa vyuma vingi kuliko bolti yoyote utakayonunua.

Ukisikia harufu ya gesi ukiendesha, simama mahali pa wazi, zima gari na usiliwashe tena, simu na sigara mbali, tembea upande upepo unakotoka ndio uufikie mtungi, funga valvu. Ikiwa imekataa kufungika, fungua mikanda kama ni salama kushika, ubebe wima uuweke mbali upande ambao upepo unaelekea porini, na watu wakae upande wa pili mpaka umalizike. Msiwe na haraka ya kuondoka.

Wanaoelekea Lamu, trela linaishia Mokowe, hapo ndipo gari linapobaki na watu wanapanda boti. Usiuache mtungi kwenye drobaa juani wiki nzima mwenyewe ukiwa ng'ambo. Ufungue, uache kwa mwenyeji wako Mokowe nje kivulini, umesimama wima, valvu imefungwa, na siku ya kurudi ukiufunga tena kwenye trela uanze na mistari ya rangi upya.